Somo: Kuvua kwa mshipi ukingoni mwa Mto Ruvu, na namna ya kungoja

Nimekulia Bagamoyo, na kuvua nilijifunza baharini. Mtu wa pwani akitoka kuvua ana saa yake: anajua bamvua (maji makubwa) ni lini, maji mafu (maji madogo) ni lini, yanajaa saa ngapi na yanapwa saa ngapi. Hata akikosa, anajua kwa nini amekosa. Nilipohamia Mlandizi nikachukua mshipi wangu wa baharini na chubwi langu zito, kile kizito cha kuzamisha ndoano, nikaenda Ruvu, nikiamini kazi naijua. Jumamosi tano mfululizo nilirudi mikono mitupu.

Mto hauna kujaa na kupwa. Kule chini, karibu na mahali Ruvu inapoingia baharini, bahari bado inausukuma, lakini huku juu hakuna kinachokuambia "sasa". Unaangalia boya, boya linakuangalia. Hilo lilinivunja moyo kuliko kukosa kitoweo.

Jumamosi ya sita alikuja mzee mmoja mwenye bustani ya mchicha karibu na hapo, na mwanzi wake na kopo la nyungunyungu. Akakaa hatua kama thelathini kutoka nilipo, akatoa perege saba, mimi nikiwa bado natupa chubwi katikati ya mto. Alipokuwa anaondoka akaniambia: "Unavua ng'ambo. Samaki wako chini ya miguu yako." Mengi ya ninayoandika hapa yalianzia kwenye maneno hayo.

Vifaa

Huhitaji fimbo ya dukani. Mwanzi mkavu wa mita 3 hadi 4 unatosha kwa perege. Kwa kambale, mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki unafaa zaidi. Mshipi wa unene wa milimita 0.25 au 0.30 kwa perege, 0.45 hadi 0.50 kwa kambale. Ndoano: kumbuka namba ikipanda, ndoano inapungua ukubwa. Namba 10 au 12 kwa perege, namba 2 au 4 kwa kambale. Boya ni kipande cha ndala iliyokatika. Chubwi laweza kuwa kipande cha madini ya risasi cha dukani, nati, au plagi kuukuu ya pikipiki.

Hatua ya 1: Usifungue mshipi. Usome mto kwanza.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikosea kwa majuma matano. Ukifika, kaa robo saa nzima bila kugusa maji. Tafuta pindo la mto, pale mto unapokata kona. Upande wa nje wa pindo maji yanakimbia na yamechimba kina. Upande wa ndani yanatulia na kuacha mchanga. Samaki hapendi kupigana na mkondo kutwa nzima kama ambavyo wewe usingependa kusimama kutwa kwenye upepo mkali. Anakaa kwenye maji yaliyotulia, pembeni kidogo ya yanayokimbia, angoje mkondo umletee chakula. Mpaka huo wa maji mawili unaonekana kwa macho: ni mstari wa povu na majani makavu yanayokwenda taratibu au kuzunguka papo hapo. Karibu na mstari huo ndipo pa kutupia.

Tazama pia mti ulioangukia majini, matete yaliyoinamia mto, na mahali kijito kinapoingia. Mdiria, ndege mla samaki, akitua mara kwa mara kwenye tawi lilelile, chini yake pana samaki wadogo, na wadogo hawakai mbali na wakubwa. Maji mafupi yenye vishimo vya duara kama sahani ni viota vya perege dume. Wakati huo jike hubeba mayai na watoto mdomoni, wala hali chakula. Mimi vishimo hivyo navipita.

Kisha angalia rangi ya maji. Ruvu inaanzia milima ya Uluguru. Unaweza kuwa Mlandizi jua kali, vumbi tupu, kumbe juzi mvua imepiga milimani, na leo mto unakuja mwekundu. Kabla sijatoka nyumbani siku hizi nampigia simu rafiki aliye Morogoro kumuuliza mvua. Simu hiyo imeniokolea nauli nyingi.

Hatua ya 2: Chagua pa kukaa utakapotoka mzima

Ruvu ina mamba na viboko. Waulize wenyeji kabla hujakaa: mamba ameonekana wapi, kiboko anapanda wapi. Kaa mita kadhaa kutoka majini, mahali palipoinuka. Mwanzi mrefu una kazi hiyo pia. Usichuchumae kunawa mikono, usioshee samaki ukingoni, usiache matumbo hapo, wala usirudi sehemu ileile ya kuchota maji kila baada ya muda, maana mamba hujifunza mazoea yako. Njia pana iliyolala majani kutoka mtoni kwenda nchi kavu ni ya kiboko; usikae juu yake, na usijiweke kati yake na maji. Usiingie majini hata magotini, kwani kichocho nacho hakionekani. Giza lisikukute.

Hatua ya 3: Pima kina

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Funga chubwi kwenye ndoano, shusha, sogeza boya hadi lisimame sawa juu ya maji. Sasa unajua kina. Kwa perege ndoano ining'inie kiganja kimoja au viwili juu ya ardhi ya mto; kwa kambale ilale chini kabisa. Ukihama hatua kumi, pima upya.

Hatua ya 4: Chambo

Perege: nyungunyungu wadogo, au ugali uliokandwa na unga wa ngano mpaka unanata kama ulimbo. Kambale huwinda kwa sharubu na kwa harufu zaidi kuliko kwa macho, kwa hiyo mpe kinachonuka: utumbo wa kuku, maini, hata kipande cha sabuni ya mche. Sabuni nilidhani ni hadithi mpaka nilipomwona mtu akitoa kambale wa kilo mbili nayo.

Kabla ya kutupa ndoano, rusha konzi moja ya pumba za mahindi zilizoloweshwa, juu kidogo ya unapovua ili mkondo uzilete. Konzi moja. Ukimwaga ndoo, samaki watashiba bure.

Hatua ya 5: Kungoja

Nilikuwa nadhani subira ni kukaa kimya. Yule mzee wa mchicha alikaa kimya, ndiyo, lakini macho yake hayakupumzika. Alikuwa anajua anangoja nini: anangoja majani yageuke, anangoja mapovu yapande, anangoja jua lihame kwenye kivuli cha mti. Anayengoja bila kujua anachongoja ndiye anayechoka.

Kwa hiyo jiwekee utaratibu. Dakika 20 mahali pamoja. Hakuna dalili? Badili kitu kimoja tu: kina. Dakika 20 nyingine. Badili chambo. Nyingine tena, hama mahali. Usibadili vyote kwa mpigo, maana ukipata hutajua kilichokupa. Saa nzuri kwangu ni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, na tena kuanzia saa 10 jioni. Saa 6 mchana wakati wa kiangazi mimi nafunga mshipi, nakula, nalala chini ya mti mbali na maji. Kupumzika huko nako kunahesabika. Mtu aliyechoka huvuta ovyo.

Hatua ya 6: Kuvuta

Perege hudonoa. Boya litatikisika, litatulia, litatikisika tena. Mkono usisogee! Ngoja boya lizame au litembee upande mmoja, ndipo unyanyue mwanzi kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Kambale huchukua chambo akaondoka nacho. Mpe hatua mbili tatu za mshipi, kisha kaza.

Hatua ya 7: Mshipi ukinasa

Utanasa. Ruvu imejaa visiki. Nilipoteza ndoano nyingi, na hasira juu, mpaka nilipojifunza kulifunga chubwi kwa uzi dhaifu wa pembeni, mwembamba kuliko mshipi wenyewe. Chubwi likibanwa kwenye kisiki, uzi huo unakatika, unapoteza nati ya bei ndogo na ndoano inarudi. Ndoano yenyewe ikinasa, usivute kwa nguvu kutoka uliposimama. Tembea ukingoni upande wa juu wa mkondo, vuta taratibu kutoka huko. Isipotoka, kata. Kamwe usiingie majini kuifuata. Ndoano ni shilingi chache.

Hatua ya 8: Andika

Daftari dogo: tarehe, rangi ya maji, saa, kina, chambo, umepata nini. Andika hata siku ya kukosa, hasa siku ya kukosa. Kurasa zangu za miaka miwili ndizo zimenipa kile nilichokuwa nakipata kwa bamvua na maji mafu baharini.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kibaha:* Mkuu, somo limenyooka. Shida yangu chambo kinaliwa kila nikitupa na sipati kitu. Boya linachezacheza tu.

Hao ni samaki wadogo, mkuu, mdomo wao haufiki kwenye ndoano. Punguza ukubwa wa ndoano, tumia namba 14. Kata nyungunyungu kipande kifupi kinachofunika ncha tu, usiache mkia unaning'inia. Wakizidi, weka ugali mgumu na uongeze kina. Wadogo hukaa juu. Ikishindikana, hama, hapo ni shule ya chekechea.

*Mwanachama, Chalinze:* Shikamoo mzee. Nilifika darajani nikakuta maji ya tope tupu. Nirudi nyumbani au nivue?

Marahaba mwanangu. Tazama kwanza kama maji yanapanda. Chomeka kijiti ukingoni pale maji yalipoishia, kaa mbali nacho, tazama baada ya robo saa. Yakiwa yanapanda, tena yanaleta magogo, rudi nyumbani bila kujiuliza mara mbili. Masika, Machi hadi Mei, kingo hubomoka na mtu aliye juu yake. Yakiwa yametulia au yanashuka, sahau perege, vua kambale. Tope halimsumbui. Weka maini, ulaze chambo karibu kabisa na ukingo palipo na maji mazito yasiyokimbia.

*Mwanachama, Musoma:* Mimi navua Mto Mara. Nimechomwa na gogogo, samaki mwenye miba, wakati namtoa kwenye ndoano, mkono umevimba siku mbili. Tunamshikaje huyu?

Pole sana ndugu yangu. Uvimbe wa siku mbili usiukalie, nenda kituo cha afya leo, uulizie na sindano ya pepopunda. Safari nyingine usimshike mgongoni. Miba yake mitatu, mmoja mgongoni na miwili ya mapezi ya kifuani, akiogopa huisimamisha ikajifunga, hailali hata ukiisukuma. Mkandamize chini kwa kitambaa kizito, utoe ndoano kwa koleo. Kambale naye ana miba miwili ya kifuani. Mshike kwa nyuma ya kichwa, vidole vikipita nyuma ya miba.

*Mwanachama, Ifakara:* Huku kwetu Kilombero tunavua kwa subira unayosema, halafu usiku watu wanakuja na kokoro (wavu wa kukokota) na utupa (sumu ya samaki) wanamaliza kila kitu. Subira ya nini sasa?

Swali lako limeniuma, maana na Ruvu yapo. Sumu na kokoro vimekatazwa kisheria, na sumu haichagui: inaua vifaranga, inaua wadudu wanaoliwa na samaki, na anayechota maji upande wa chini anainywa. Maji ya Ruvu ndiyo yanayokwenda Dar es Salaam kutoka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Usiwakabili usiku peke yako. Andika siku, saa na mahali kwenye lile daftari, mpelekee mtendaji wa kijiji na afisa uvuvi, na mwende watu kadhaa. Ripoti ya mtu mmoja ni rahisi kuwekwa kando.

*Mwanachama, Dar es Salaam:* Kuvua kitoweo kwa ndoano nahitaji kibali?

Uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri unakokwenda kuvua, umuulize kabla ya safari. Msalimie na mwenyekiti wa kitongoji pia. Mgeni anayeonekana ukingoni na begi bila kujitambulisha huleta mashaka.

*Mwanachama, Morogoro:* Mdogo wangu, mimi ni mstaafu. Nimekwenda Mto Ngerengere mara nne sijaambulia hata kidagaa, na mke wangu ameanza kuuliza ninakwenda wapi. Nimefuata hatua zako zote.

Pole kaka, na nakushukuru kwa kusema wazi. Naomba uniambie mambo matatu: unafika saa ngapi, unakaa umbali gani na maji, na kivuli chako kinaangukia wapi? Jua la asubuhi likiwa mgongoni, kivuli cha mtu kinalala juu ya maji palepale unapotupa, na perege akikiona haji. Kaa jua likiwa usoni au ubavuni, usivae shati jeupe, usitembeetembee kwa kishindo. Ardhi ya ukingo hupeleka mtikisiko majini. Na safari ya tano nenda na mama. Mpe mwanzi wake.

*Mwanachama, Mlandizi:* Nikipata kambale, nawezaje kumfikisha nyumbani akiwa mzuri? Na ule utelezi unatokaje?

Kambale anaweza kupumua hewa, kwa hiyo mfunike kwa gunia lililoloa, kivulini, atafika akiwa hai. Perege hawezi, huyo mpasue mapema, mbali na mto, umtie chumvi. Utelezi wa kambale utoe kwa majivu: msugue mwili mzima, subiri dakika chache, kisha msuuze, halafu pitisha ndimu. Usimkate kabla ya kumtoa utelezi, utakata vidole.