Wi-Fi ya chuo kwenye simu yako, bila kuiacha nywila wazi

Muhula ukianza hapa Tabora, wanafunzi wapya kutoka Urambo, Sikonge na Nzega hujaa mlangoni petu TEHAMA: "Wi-Fi ya chuo inakataa." Haikatai. Ya nyumbani ina nywila moja ya watu wote. Ya chuo inamtambua kila mtu kwa nywila yake, ile ile anayoangalizia matokeo. Kwa hiyo ilinde.

Kwanza angalia tarehe ya simu. Simu iliyozima chaji ikawaka na tarehe ya miaka iliyopita itaona cheti cha chuo, yaani kitambulisho cha kidijitali ambacho seva (kompyuta inayokagua nywila) huionyesha simu, hakijaanza kutumika, nayo itagoma.

Pili, kwa wenye Android, ingia Mipangilio, Wi-Fi, gusa jina la mtandao wa chuo. Kwenye mbinu ya EAP, yaani njia ya simu kujitambulisha, weka PEAP, awamu ya pili weka MSCHAPV2.

Tatu ni cheti cha CA, yaani cha mamlaka inayothibitisha kuwa cheti cha seva ni halali, na hapa naomba usikimbie. Simu za zamani zina chaguo la kutothibitisha cheti, na wenzako bwenini watakwambia ubonyeze hilo mambo yaishe. Usibonyeze. Mtu anaweza kukaa na kompyuta chini ya mwembe nje ya uzio, akarusha mtandao wenye jina lile lile la chuo. Simu isiyokagua cheti itajiunga nao ikiwa mfukoni mwako, na majibu itakayomtumia yanatosha kuivunja nywila yako, hasa ikiwa fupi. Chagua vyeti vya mfumo, kisha kwenye kisanduku cha kikoa andika jina la seva kama tulivyolibandika ofisini, nukta kwa nukta. Kama chuo chako kina cheti chake chenyewe, kichukue TEHAMA ukisakinishe kwanza. Kwenye iPhone cheti hujitokeza chenyewe. Linganisha jina kabla ya kugusa Amini.

Nne, kwenye utambulisho andika namba yako ya usajili. Kibodi ikikupendekezea neno ukalikubali, huongeza nafasi mwishoni ambayo huioni, na seva inakukataa. Ifute. Andika nywila, gusa alama ya jicho uihakiki, kisha unganisha.

Ukibadilisha nywila, ibadilishe na kwenye simu siku hiyo hiyo, maana simu itaendelea kubisha hodi kwa ile ya zamani hadi akaunti ifungwe. Na ukitaka kuiuza simu, usahaulishe mtandao wa chuo kabla hujamkabidhi mnunuzi.