Kunyoosha kifuniko cha redio ya mbao kilichopinda

Redio ya babu, ile ya vali (zile taa za kioo za redio za zamani), ilikaa dirishani kwetu Kizota ikipigwa na upepo mkavu wa Dodoma kiangazi kizima. Kifuniko kikaachia gundi, kikatuna kama mgongo wa kobe. Fundi mmoja alitaka kukipigilia misumari. Nikakataa, plaiwudi ya zamani hupasuka.

Chomoa waya ukutani, utoe mitambo yote; kapasita, vile vifaa vya kuhifadhi umeme, usiziguse, huweza kubaki na umeme.

Sasa pitisha kiganja. Upande uliobonyea ndio uliosinyaa, na ndio wa kulowanisha. Kwangu ulikuwa wa ndani, usio na vanishi. Loweka kitambaa cha pamba kwenye maji vuguvugu, kikamue hadi kisidondoke, kitandaze juu yake kwa muda wa saa 3 hivi. Maji yakizidi, vinia, lile tabaka jembamba la mbao la juu, itabanduka, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Ubao ukilegea, ubane katikati ya mbao mbili zilizonyooka, karatasi safi kila upande, tofali nne juu, kivulini. Usiharakishe! Mimi nilifungua siku ya tatu, ukarudi kupinda nusu. Mara ya pili niliuacha siku 9. Ukishakauka, paka vanishi nyepesi upande wa ndani, ndipo urudishe kwa gundi ya mbao.