SOMO: Skrepa yenye alama ya feni ikifika kwenye mizani yako

Ndugu zangu wa skrepa, kuanzia Mwanjelwa na Iyunga hadi Makambako na Mafinga, naomba msome hadi mwisho. Kuna siku kijana aliniletea kopo la chuma, ukubwa wa chupa ya chai, amelikumbatia kwa mikono miwili. Ubavuni lilikuwa na kibandiko cha njano kilichochubuka, chenye mabapa mawili meusi kama ya feni. La tatu lilishabanduka. Hiyo ndiyo alama ya mionzi. Vijana wangu walishashika patasi na nyundo, maana uzito ule ni wa risasi, yale madini mazito, na risasi ina bei. Niliwapigia kelele waliache. Wataalamu walipolipima, lilikuwa kasha tupu. Siku nyingine halitakuwa tupu.

Vitu hivi vinatoka wapi? Makandarasi wa barabara wana vifaa vya kupima mgandamizo na unyevu wa udongo, na vingi vina sesiamu-137 na amerisiamu-241, vitu vinavyotoa mionzi. Baadhi ya viwanda hupima ujazo wa matenki kwa vyanzo vya mionzi. Chanzo chenyewe ni kidogo sana. Kilo zote unazozipenda ni kinga yake. Ukiichomoa risasi uiuze, umebaki na hatari tupu mkononi.

Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazil, watu walichukua kichwa cha mashine ya tiba ya saratani kwenye kliniki iliyotelekezwa, wakakiuza kwa mtu wa skrepa kama sisi. Usiku akaona unga ndani yake unang'aa rangi ya bluu. Akauona mzuri, akawagawia ndugu na majirani. Ilikuwa sesiamu-137. Mkewe ndiye aliyeshtuka kwamba watu wanaugua tangu kitu kile kifike nyumbani, akakipeleka kwa maafisa wa afya kwa basi. Watu wanne walikufa, wakiwemo mama huyo na binti wa miaka sita. Zaidi ya watu 112,000 walipimwa. Kila nikifungua yadi asubuhi namkumbuka yule mama.

Hatua ya 1. Usikate, usigonge, usichome. Kama kimeshawekwa kwenye mizani, kiache hapo hapo.

Hatua ya 2. Ondoa watu. Ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia kutoka kwenye kipande kidogo kama hicho hushuka hadi robo. Kama kasha limevunjika, watu wakae mita 30 na zaidi. Mama lishe wa getini na watoto wanaookota misumari wanahusika pia.

Hatua ya 3. Piga picha kwa mbali ukivuta kwa simu. Usibandue kibandiko, maana namba iliyopo inaweza kumfichua mwenye leseni.

Hatua ya 4. Piga 112, polisi, na mjulishe mtendaji wa mtaa. Mwenye mamlaka ya mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, kwa Sheria Na. 7 ya 2003. Kituo cha kuhifadhi taka za mionzi kiko Arusha. Usikipakie kwenye Noah ukipeleke mwenyewe.

Hatua ya 5. Aliyekishika anawe kwa maji na sabuni, avue nguo azifunge kwenye mfuko, asile wala kuvuta sigara kwanza. Andika majina ya wote waliokaribia.

Betri za gari na oili chafu ni taka hatarishi za kawaida. Hizo ziko chini ya NEMC, wasimamizi wa mazingira nchini, na Sheria ya Mazingira ya 2004, na kuzikusanya au kuzisafirisha kunataka kibali. Tindikali ya betri usimwage mtaroni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mafinga: Mkuu, nimepewa dili la mashine kuukuu ya eksirei. Ina mionzi?
Jibu: Eksirei hutoa mionzi ikiwa na umeme tu. Ikizimwa, hakuna. Ila kichwa chake kina risasi, na mafuta ya mashine za zamani yanaweza kuwa na sumu, kwa hiyo usiyamwage. Muuzaji akuonyeshe kwamba TAEC wanajua mashine inaondoka. Mashine ya tiba ya saratani ni habari nyingine kabisa, usiiguse.

Tunduma: Shikamoo kaka. Kwetu mtu alisema kitu chenye alama hiyo tukizike tu dampo, halmashauri itaelewa.
Jibu: Marahaba. Hapana, mdogo wangu. Halmashauri inasimamia taka za kawaida. Dampo lake halipokei mionzi, na mtendaji hana uwezo wa kuruhusu. Sesiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Hesabu wajukuu wangapi watalima pale.

Chunya: Mbona hospitali wanasema taka zao za mionzi wanaziacha tu mpaka zipoe?
Jibu: Ni kweli kwa baadhi. Iodini-131 hupungua nusu kwa siku 8, kwa hiyo huhifadhiwa chumba chenye kufuli, kisha hupimwa kabla ya kutupwa. Kufuli na kipimo ndivyo wewe huna.

Uyole: Ndaga fijo kwa somo. Nikishamlipa aliyeleta, hela yangu je?
Jibu: Hiyo mimi niliipoteza, sikurudishiwa. Sasa mzigo mzito wenye kibandiko nauangalia ukiwa bado kwenye toroli getini, ndipo natoa hela.