Safari ya skeitibodi Mwanza mpaka Bukoba: pakia nati kwanza, nguo baadae

Kama wewe na washkaji mnapanga kutoka Mwanza kwenda Bukoba na gari, mabodi (zile mbao za matairi manne za kuskeitia) nyuma, yani mnashuka kila penye saruji nzuri mnaskeiti afu mnaendelea, naomba muanze kujipanga na vile vitu vidogo kabisa. Nguo mtafua njiani, maji yapo, chakula ndo usiseme, ila nati ya ekseli, ile inayoshika tairi lisichomoke, ukiipoteza kuanzia Sengerema, Geita, Katoro mpaka Muleba hukuti duka la kukuuzia, na safari yako inakuwa imeishia hapo hapo.

Nasema hivi kwa sababu yalitukuta. Safari yetu ya kwanza tulifika Geita jioni, mshkaji wetu mmoja akashuka kimteremko kidogo tu, tairi likachomoka likaingia mtaroni. Tairi tulilipata, beringi zote mbili tulizipata, nati hatukuiona, tumemulika na simu mpaka giza limeingia. Asubuhi tukaenda kwa fundi pikipiki, akatafuta kwenye kopo lake akatoa nati ya milimita nane, ukiiangalia unasema hii hii. Ikaingia mizunguko miwili ikagoma, akaiwekea spana akasukuma, tukasikia inakwaruza. Kuja kuitoa meno ya ekseli yamelika yote. Sio kosa la fundi, sisi ndo tulitakiwa kujua: nati ya ekseli ya traki, traki ni kile chuma cha chini ya ubao kinachobeba matairi, ni ya inchi, 5/16 yenye meno 24 kwa inchi, na nati nyingi za madukani kwetu ni M8. Unene wake karibu sawa, meno hayafanani. Yule mshkaji wetu akakaa siku tatu anatushikia simu tunavyorekodi na yeye ndo alikuwa amechanga hela mapema kuliko wote, iliniuma sana ile.

Kwa hiyo kila mtu abebe nati za ekseli nne za ziada na washa zake (vile vipete vya chuma), bolti mbili tatu za kufungia traki na nati zake, na bushi, zile raba za kwenye traki, seti moja kwa kundi zima inatosha. Weka kwenye kichupa cha dawa chenye mfuniko wa kuzungusha, sio mfuko wa suruali. Spana nazo zinachanganya watu, sasa sikiliza: nati za ekseli spana namba 13 inakaa fresh, zile ndogo za bolti namba 10, ila nati kubwa ya katikati ya traki ni inchi 9/16, namba 14 haiingii na 15 inacheza mpaka inaivuruga nati. Hapo beba spana malaya moja nzuri, au kama kuna mwenye ile spana maalumu ya skeitibodi ndo ikae mbele kwa dereva isizame kwenye mabegi. Na bisibisi ya nyota.

Beringi ndo kitu pekee utakipata huku bila shida, ni namba 608, nje milimita 22, tundu 8, unene 7, ukienda duka la beringi ukamtajia hiyo namba anakuelewa maana zinatumika kwenye mota na mashine nyingi tu. Lakini osha zako wiki moja kabla ya safari, usiende nazo zinalia. Toa kifuniko kwa ncha ya pini taratibu, ziweke kwenye kopo la bati na petroli kidogo, tikisa, mwaga, rudia mpaka petroli itoke haina weusi, zianike juu ya kitambaa zikauke kabisa kabisa, afu tone moja la oili ya cherehani, yakizidi sana mawili. Grisi hapana, inakamata vumbi. Kazi hii fanyia nje, mbali na jiko na mbali na mtu anayevuta sigara. Mchanga wa ziwani ndo unaoua beringi kuliko chochote, kwa hiyo mkifika ufukweni bodi libaki kwenye gari, najua picha ya bodi kwenye mchanga na ziwa nyuma inapendeza ila utailipia kesho yake.

Matairi: haya magumu ya 99A (hiyo namba ni ya ugumu, ikiwa ndogo tairi ni laini), kipenyo milimita 52 mpaka 54, ni mazuri kwenye saruji laini na kwa trik, ila mitaani huku lami nyingi ni ya kokoto na kokoto moja tu inakusimamisha bodi wewe unaendelea mbele. Kama mnaweza pateni seti ya laini, 78A ya milimita 60 hivi, ya kuzungukia mjini. Tairi kubwa linataka pedi ya kunyanyua traki, la sivyo ukikata kona linagusa ubao linakaba unaruka. Na ukiweka pedi nene bolti za inchi moja zinakuwa fupi, tafuta za inchi moja na robo kabla hamjaondoka. Mambo haya yajaribu Mwanza, kwenye mteremko mdogo unaoujua, usije kujaribia Bukoba.

Gari. Sisi tunatumia Noah, watu sita na mizigo, wa saba anawezekana ila kila mtu atanuna. Mabodi mnayalaza mawili mawili, msasa, ule wa juu ya ubao wa kushika viatu, uangalie msasa, maana ukiuelekeza kwa bodi la mwenzako gari linavyotikisika unamkwangulia picha yote ya chini. Yafungeni na mpira wa baiskeli. Nguo zikae kwenye mabegi laini, masanduku yanakula nafasi bure. Njia siku hizi ni rahisi, zamani pale Kigongo ulikuwa unapanga foleni ya kivuko ukiwa huna uhakika utavuka saa ngapi, tangu Juni 2025 daraja linatumika, kilomita 3, mnavuka dakika chache. Tafadhali msishuke kuskeiti darajani, ile ni barabara kuu ya malori na mabasi. Na dereva aheshimu vibao vya 50, viko vingi, pangeni muda mkijua hilo.

Mvua: Bukoba inanyesha kweli kweli, hasa Machi mpaka Mei. Ubao wa bodi ni tabaka 7 za mbao zilizogundishwa, ukilowa unavimba, unaachana pembeni na unapoteza mruko. Bebeni turubai na viroba vizito, kila bodi na kiroba chake, na tambara la kufutia.

Sasa sehemu ya dawa nataka muisome vizuri. Iodini, plasta kubwa, pamba, bandeji ya kuvuta, paketi ya dawa za maumivu. Helmeti kila mtu na yake, ya baiskeli ni bora kuliko kukosa. Ukichubuka usiende kuosha kidonda ziwani! Kuna kichocho, vile vijidudu vinapenya hata kwenye ngozi nzima, sembuse iliyochubuka. Osha na maji safi ya chupa na sabuni. Chandarua pia, pwani yote ya ziwa ina mbu.

Chakula sitaandika sana. Mama yangu hutufungia matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokaushwa, na karanga, hayaharibiki, yanashibisha, unatafuna huku safari inaendelea, mchana mnatafuta sato wa kukaanga. Hela mpeni mtu mmoja, mchango uishe kutolewa siku tatu kabla, na fungu la dharura likae kwenye simu ya mtu mwingine asiyekuwa yeye.

Mkifika sehemu, uwanja wa basketi au baraza la saruji, anzeni na mlinzi. Shikamoo mzee, sisi ni vijana tunacheza huu mchezo, tunaomba nusu saa, tukiharibu kitu tutalipa. Upande wa Usukumani ukimsalimia "mwangaluka" asubuhi anafurahi kabisa. Akikataa ondokeni kwa heshima, kesho kuna vijana wengine watakuja na mabodi pale pale. Watoto watajaa, waachieni wajaribu, mmoja wenu awashike mikono.

Wenye hamu ya kuendelea mpaka Kampala, Kitintale kule kuna uwanja wa skeitibodi ambao vijana walijijengea wenyewe mwaka 2006, mnapitia mpaka wa Mutukula. Hiyo inataka pasi ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na bima ya gari ya kuvuka mpaka, ile Comesa. Anzeni kuvishughulikia mwezi mzima kabla.

Usiku wa kuamkia safari pindueni mabodi yote sebuleni, spana mkononi, kazeni nati moja moja mtu na mwenzie wakikaguana. Tairi lizunguke huru na licheze kidogo sana pembeni. Afu hesabuni vichupa vya nati, viwe idadi sawa na watu.