Redio ya VHF kwenye mashindano ya mashua: hatua kwa hatua

Huku Lamu siku ya mashindano ya mashua bahari ina makelele: boti za watazamaji, mabaharia wanaoitana, upepo tangani. Redio ya mkononi ya VHF, ya kuzungumza kati ya vyombo baharini, inasaidia ikiwa tu watu wote wameielewa kabla ya kutweka.

1. Usiku wa kuamkia mashindano. Jaza betri. Mteue baharia mmoja wa redio na aifunge mwilini kwa ugwe. Nahodha asiishike, mikono yake ina kazi ya usukani na demani, kamba ya kuongozea tanga.

2. Chaneli. Kamati ichague 72 au 77, zilizotengwa kwa mazungumzo ya chombo kwa chombo. Chaneli 16 ni ya dharura na kuitana, kwa hiyo usijaribie redio huko. Jaribu kwenye chaneli ya mashindano kabla ya kung'oa nanga, na kila mashua ijibiwe. Mkiwa karibu, nguvu ya kurusha ya wati 1 inatosha. Mkitawanyika, panda hadi wati 5.

3. Sikiliza. Kanuni ya 41 ya mashindano ya tanga ya kimataifa inakataza msaada kutoka nje. Jamaa aliye ufukweni asikwambie upepo umegeukia wapi. Kamati nyingi hukataza kabisa kurusha sauti mbioni, isipokuwa kwa dharura au kujitoa. Uliza mapema.

4. Kuita. Simama, antena ielekee juu. Mawimbi ya VHF huenda moja kwa moja, kwa hiyo kimo ndicho kinachokupa umbali. Aliyeketi chini ya mashua hafiki mbali, na kisiwa kikikatiza kati yenu sauti hufa. Bonyeza kitufe, subiri kidogo, ndipo useme. Anayeharaka hukatwa neno la kwanza, na mara nyingi neno hilo ni jina la anayeitwa. Malizia kwa "Ova", yaani nimemaliza, nangoja jibu.

"Kamati, Kamati, hapa mashua Nusura, mashua Nusura. Ova."
"Nusura, hapa Kamati. Sema. Ova."
"Foromali, mti wa tanga, imevunjika, tunajitoa. Tuko wanane, wote salama. Tunarudi Shela. Ova."

Hayo yanatosha. Lawama za nani alimkatia nani njia zingoje nchi kavu.

5. Roho zikiwa hatarini. Hamia 16, wati zote. Sema "Meidei", wito wa kimataifa wa hatari, mara tatu, jina la mashua mara tatu, kisha mlipo, kilichotokea, msaada mnaotaka na idadi ya watu. Anza na mlipo: "kati ya Shela na Ras Kitau" inaleta boti hata betri ikizima hapo hapo. Redio ya mkononi haifiki kituo cha uokoaji cha Mombasa. Kamati iwe na simu na namba za kituo hicho tayari. Mashua nyingine zinyamaze.

Jambo moja wengi hulisahau: kitufe kikikwama kwa chumvi, redio hurusha mfululizo na kuziba chaneli kwa wote. Taa ya kurusha ikibaki inawaka, zima redio mara moja.