Jinsi ya kupiga hesabu ya umeme na hewa ukaa ya ghorofa lenu

Wakuu, kama mnakaa ghorofa la fleti nyingi hapa Dar, tuseme Upanga au Kariakoo, mnajua kikao cha mwisho wa mwezi kinavyokuwa, luku ya pamoja (umeme wa kulipia kabla) imeisha tena, dizeli imeisha, kila mtu anamuangalia mwenye AC tatu. Mimi sio injinia, ni mweka hazina na kazi yenyewe nilisukumiwa, ila nimekaa nayo mpaka nikapata njia ya kujua jengo zima linakula nini na linatoa moshi kiasi gani, yani hewa ukaa inayopasha dunia joto, kwa daftari na kalkuleta ya simu tu.

Kwanza sahau shilingi. Hela ya luku humo ndani kuna VAT, makato ya REA (umeme vijijini) 3%, ya EWURA (wadhibiti wa nishati) 1%, na tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo, kwaiyo hela ile ile mwezi huu inaweza kukupa uniti pungufu alafu mtu anakuja juu kwamba jengo limekula sana wakati wala. Umeme andika kwa uniti, dizeli kwa lita, gesi ya kupikia kwa kilo. Uniti moja ni kitu cha wati 1000 kikiwaka saa zima, basi.

Chukua miezi 12. Ukichukua Februari peke yake ukazidisha mara 12 utajitisha bure maana joto lile kila AC inanguruma, ukichukua Julai utajisifia bure. Meseji za token usizifute, na kama unaweza soma mita yenyewe: salio la mwanzo, jumlisha mlizonunua, toa salio la mwisho, hapo ndo matumizi. Mita ya pamoja hiyo rahisi, kazi ni fleti za watu. Nyie mkiwa fleti 40 hamna namna wote 40 watakupa uniti zao, wengine watahisi unataka kujua hela zao, kwaiyo omba kumi tu, changanya wenye AC na wasio nazo, wenye watoto wengi na yule kaka anayelala tu, chukua wastani wao zidisha 40. Dizeli utaipata kwenye risiti za sheli. Mitungi uliza mlinzi, yeye ndo anaona inavyopanda.

Kabla hujafika kwenye moshi kuna jaribio moja la usiku nakuomba ulifanye maana limetulipa sisi kuliko kitu kingine chochote. Soma mita ya pamoja saa 5 usiku, soma tena saa 11 alfajiri. Sisi taa za korido ni 24 za wati 9, jumlisha feni ya mlinzi na kamera, ukipiga kwa masaa 6 haitakiwi kuzidi uniti 2 hivi. Nikakuta zimeenda 15! Watu wakasema lifti, lifti inalaumiwa sana jamani, lakini nani anapanda lifti saa 9 usiku. Tukapanda juu kwenye simtanki, boya la kuzima pampu tenki likijaa limekwama, maji yanamwagika kwenye bomba la mvua na pampu ya hosipawa 3 inazunguka usiku kucha. Hosipawa 1 ni wati 746, kwaiyo zile 3 ni kama wati 2,200, mara masaa 6 ni uniti 13, ndo zile zile zilizopotea. Kwa mwezi ni karibu 400, na hapo sijahesabu maji. Boya jipya halifiki hata hela ya kikao kimoja cha soda.

Sasa moshi. Dizeli lita 1 inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa, gesi ya mtungi kilo 1 inatoa kama kilo 3. Umeme ndo unasumbua kwasababu inategemea umetoka wapi, ule wa Kinyerezi na Ubungo unachoma gesi asilia na uniti moja inaweza kufika kilo 0.4 mpaka 0.5, ule wa maji wa Kidatu, Mtera, Kihansi na sasa Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 hauchomi kitu. Mimi nimechukua kwamba nusu kwa nusu, nikaweka 0.25 kwa uniti, wewe unaweza kuweka yako ila iandike juu ya daftari kabisa na usiibadilishe kila mwaka. La sivyo mashine zikiwashwa zaidi kwenye hilo bwawa la Rufiji moshi unashuka kwenye karatasi alafu nyie mnajipigia makofi wakati matumizi yenu yako pale pale.

Mfano wa fleti 40, kila moja uniti 250 kwa mwezi, ya pamoja 1,800. Hiyo ni 11,800 kwa mwezi, 141,600 kwa mwaka, mara 0.25 ni tani 35.4. Mtungi wa kilo 15 kila fleti kila mwezi ni kilo 7,200, tani 21.6. Dizeli lita 120 kwa mwezi ni tani 3.9. (Kuna wanaochemsha maharage kwa mkaa balkoni, hao waandike pembeni tu, mkaa hesabu yake ni ugomvi mwingine.)

Unaona dizeli ilivyo ndogo? Wakati ndo inapigiwa kelele kuliko zote kwasababu inanuka na inasikika. Sasa kuna kitu hakinuki wala hakisikiki, gesi ya AC. Nenda kwenye kile kiboksi cha nje, kuna stika imeandikwa aina ya gesi na kilo ngapi. Kama ni R410A, kilo 1 ikivuja hewani ni sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa, yani kama kuchoma lita 770 za dizeli. R22 za zamani kama 1,800, na hiyo inatoboa na ozoni. R32 ni 675. Nchi za dunia zilikaa Kigali 2016 zikakubaliana kupunguza gesi kama hizi R410A na R32. Kwa hiyo kama kwenye jengo kuna AC tatu tu za R410A zilizopoteza kilo moja moja kwa mwaka, hapo umeongeza tani 6.3, imepita jenereta. Jumla inakuja tani 67 na kidogo, gawa 40 ni kama tani 1.7 kila fleti.

Na hapa mafundi wanatupiga. AC haili gesi, ni mfumo uliofungwa, fundi akikwambia "ya kila mwaka hii bosi, tujaze" maana yake inavuja na anajua atarudi mwakani. Mwambie atafute tundu kwanza, achomelee, avute hewa kwa pampu ndo ajaze kwa kupima kwenye mizani. Anayehamisha AC asiachie gesi ikapiga "pssss", airudishe kwenye kiboksi cha nje kabla hajafungua mabomba. Na asikujazie R32 kwenye mashine ya R410A eti ni nafuu, ile inashika moto na mashine haikutengenezwa kwa ajili yake.

Jenereta nalo, kama ni kubwa na usiku linawasha taa za korido na geti tu, dizeli nyingi inapotea bure, inveta ndogo na betri inatosha kwa hizo taa, jenereta liwake pale lifti na maji vinapohitajika. Hita za kuogea zizimwe ukishaoga, lita 50 kutoka maji ya kawaida mpaka nyuzi 60 ni uniti 2.

Sisi karatasi ya uniti, lita na kilo tunabandika pembeni ya lifti kila tarehe 1, bila majina. Mwezi wa pili tu tangu tuanze, yule wa AC tatu alikuja mwenyewe kuniuliza namba ya fundi mwenye mizani.