Kukausha na kuhifadhi sampuli za mimea-dawa kando ya Ziwa Victoria

Jina la kienyeji peke yake halitoshi kuutambulisha mti. Msukuma wa Magu ana lake, Mkerewe ana lake, na mara nyingine jina moja hubebwa na miti miwili tofauti kabisa. Kwa tiba, hiyo ni hatari. Kila dawa inayoandikwa na shule au kikundi cha tiba asili iambatane na sampuli iliyokaushwa vizuri, ambayo mtaalamu ataweza kuishika hata miaka 50 baadaye akasema ni spishi gani.

Tafuta mbao mbili za sentimita 30 kwa 45, maboksi yaliyokatwa kwa kipimo hicho, magazeti ya zamani, mipira ya tyubu ya kufungia mizigo, mkasi wa kupogolea, daftari na penseli. Kalamu acha: wino ukipata unyevu hutambaa na namba hupotea.

1. Omba ruhusa. Anza na serikali ya kijiji na mwenye shamba. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, usichume kitu bila kibali. Mganga akisema kipimo cha dawa ni siri, andika "siri" na uishie hapo.

2. Chuma. Tawi liwe na majani pamoja na maua au matunda. Majani matupu mara nyingi hayatambuliki. Chukua nakala 3 za mti uleule, zote zipewe namba ileile. Gome likihitajika, toa kipande kidogo upande mmoja tu. Ukilimenya kuzunguka shina, chakula cha majani hakishuki mizizini na mti hufa.

3. Andika papo hapo. Anza na vitakavyopotea: rangi ya ua, harufu, utomvu, urefu wa mti. Kisha tarehe, mwinuko, alama za GPS, jina na lugha ya jina hilo, sehemu itumikayo na namna inavyoandaliwa. Jina la mahali, mfano "Kisesa", pekee halitoshi. Andika umbali kutoka barabara ya Musoma, na kama ni kati ya mawe, shambani au bondeni.

4. Bana siku hiyohiyo. Kunjua majani ndani ya gazeti, moja lioneshe mgongo, weka boksi kila baada ya sampuli chache, bana kati ya mbao mbili, kaza mipira. Badilisha magazeti kila siku, hasa siku 4 za mwanzo. Ukizembea, majani huwa meusi na kuota ukungu, maana hewa ya ziwani ina unyevu. Usianike wazi juu ya mawe kama dagaa: majani hujikunja na kupauka. Weka kivulini penye upepo.

Mnyaa huendelea kuishi ndani ya gazeti na kupukutisha viungo vyake. Chovya tawi kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja hivi, maua yakiwa nje. Vaa glavu na ulinde macho, utomvu wake huunguza. Mshubiri upasue kwa urefu, ukwangue nyama. Vikonyo vya magugu maji pia vipasuliwe. Mimea laini ya majini ielee kwenye beseni, pitisha karatasi chini yake, inua taratibu. Ziwani chuma ukiwa ndani ya mtumbwi, kwani kichocho huingia kupitia ngozi.

5. Pima ukavu. Gusisha jani shavuni. Likiwa la baridi, bado. Likikauka, funga kwenye plastiki, weka kwenye friza ya nyuzi -18 kwa siku 7 kuua wadudu. Ukilitoa, usifungue plastiki mpaka ubaridi uishe, la sivyo litatoa jasho.

6. Bandika kwenye karatasi ngumu ya sentimita 42 kwa 28, lebo kona ya chini kulia. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ziombewe utambuzi Hebaria ya Taifa (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Picha ya simu isitumike kutoa jina la kisayansi. Jina likija kubadilika, usifute la kwanza. Ongeza kikaratasi chenye jina jipya, tarehe na aliyelitambua.